Kurasa za Mwisho Zilizovundikwa

Redio ilikosea mara mbili katika tangazo moja. Ilisema marehemu ameacha riwaya tano, ilhali ameacha sita. Ikasema aliwaandikia vijana, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja. Kisha ukapigwa muziki, na baada ya muziki ikafuata bei ya mchele. Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha mwandishi ambaye nimemsoma tangu ujana wangu hadi uzee huu. Naanza kwa kusahihisha makosa hayo kwa sababu sijasikia mtu mwingine akiyasahihisha.

Mimi ni mtumishi wa serikali mstaafu. Kazi yangu ilikuwa ya masijala, yaani chumba ambamo majalada ya ofisi huhifadhiwa, na ambamo mtumishi hakumbukwi mpaka jalada lipotee. Niliajiriwa nikiwa kijana, nikahamishwa kituo baada ya kituo, kisha nikastaafu na kurudi nyumbani Kyela, kwenye kiwanja cha baba yetu upande wa Makwale. Mke wangu alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo ninaishi na dada yangu mkubwa, mkulima wa kokoa. Katika uhamisho wote ule nilibeba sanduku la bati lenye riwaya zile sita.

Watu hudhani msomaji humpenda mwandishi kwa utamu wa maneno yake. Mimi nilimpenda kwa sababu ya kazi yangu. Katika majalada yetu kila mtu alikuwa mlalamikaji, mlalamikiwa au mwombaji. Shauri likiisha jalada lilifungwa, naye akatoka mlangoni nisijue aendako. Mwandishi huyu aliwafuata watu wale wale kutoka dirishani petu mpaka majumbani mwao. Alijua walichokula jioni ile, na nani aliwafungulia mlango. Sikupata kumwona wala kumwandikia. Nilimwamini kama ninavyoliamini jalada lililopangwa vizuri, na kwangu hiyo si sifa ndogo.

Asubuhi ile ya tangazo nilivaa koti langu la kazini, nikatandika mkeka barazani, nikakaa matanga.

Dada alitoka jikoni akanikuta hivyo.

“Nani amefariki?”

“Mwandishi wa vitabu vyangu.”

“Kwao wapi?”

“Mbali.”

“Ulipata kumwona?”

“Hapana.”

“Na mwili uko wapi?”

“Huko kwao. Wamekwisha kuuzika.”

Alinitazama, akaitazama redio. “Msiba wa redio,” akasema. Lakini alifunga kanga kiunoni, akaenda kuinjika chungu kikubwa cha ndizi, kwa maana kwetu mtu akikaa mkekani majirani watakuja, na wakija watakula.

Na kweli walikuja. Kwetu hakuna anayeulizwa uhalali wa huzuni yake kabla ya kupewa pole. Walikaa kwa adabu, na adabu ilipozidi kuwa nzito mmoja wao, mzee mwenzangu mwenye shamba la mpunga jirani, akanisalimu kwa Kinyakyusa, akaanza kunidadisi.

“Ugonile, bwana mkubwa. Pole sana. Ameacha wake wangapi?”

“Sijui.”

“Watoto je?”

“Sijui.”

“Hee! Unamlilia mtu usiyejua hata wake zake?”

“Mwache,” akadakia mwingine. “Afadhali yeye. Wewe ulimlilia baba mkwe wako unayemjua, na macho yalikuwa makavu kama kokoa ya daraja la kwanza.”

Walicheka, nami nilicheka, na hiyo ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka kwa ajili ya mwandishi yule.

Masika yaliyofuata nilikwenda Mbeya kutibiwa macho. Nilipokuwa huko mvua ilinyesha Rungwe usiku na mchana, na maji yote ya milimani yakatushukia sisi wa bondeni, kama kawaida yake. Nilipigiwa simu kwamba mto umeacha njia yake, kwamba maji yameingia nyumbani mpaka usawa wa kitanda, kwamba dada yuko salama. Niliuliza habari za sanduku. Simu ikakatika.

Niliporudi nikiwa bado na kitambaa jichoni, dada alinipokea uani kwa uso wa mtu aliyefanya jambo jema. Nina wajibu wa kueleza kwamba mwanamke huyu aliacha godoro lake lichukuliwe na maji ili aliokoe sanduku langu. Alilivuta peke yake mpaka kwenye tuta la kanisa. Hakuna mashaka juu ya hilo, na sitaki mtu ayasome haya yafuatayo akamhukumu.

“Usiogope,” akasema. “Maji yalipenya kwenye bawaba, vitabu vililoa chapachapa. Nimevishughulikia.”

“Umevianika?”

“Nivianike vikiwa vibichi? Mimi ni mtoto? Kokoa ukiiwahisha juani inakunjamana, inakuwa chungu, mnunuzi anaikataa. Nimevivundika kwanza.”

Msomaji asiye wa huku afahamu kwamba punje za kokoa zikitolewa ndani ya tunda hazipelekwi juani moja kwa moja. Hutiwa kwenye sanduku la mbao, hufunikwa kwa majani ya mgomba, zikaachwa zipate joto lake zenyewe, zikigeuzwa mara kwa mara kwa siku kadhaa. Baada ya hapo ndipo hupandishwa kichanjani. Dada yangu amefanya hivyo maisha yake yote na kokoa yake haijapata kurudishwa. Hakusoma shule. Vitabu vililoa, mikono yake ikajua la kufanya na kitu kilicholoa.

Nilifunua majani ya mgomba. Mvuke ulinipiga usoni, wa moto, wenye harufu ya siki na udongo. Vitabu vitano vya juu vilikuwa vimevimba na kuota ukungu wa kijani, lakini vilifunguka. Cha sita kilikuwa chini kabisa, mahali penye joto kuliko pote, kikiwa kimelalia jalada lake la nyuma. Karibu kurasa zote ziliachana nilipozipekua kwa kisu cha mezani. Sehemu iliyobaki, kurasa chache za mwisho, ilikuwa imegeuka tonge. Nilipojaribu kuitenganisha ilikatika kama muhogo uliooza.

“Kwani hiki kina nini kuliko vingine?” dada aliuliza.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope na koti langu.

“Karatasi si inatoka kwenye mti?” akaendelea. “Na kokoa si mti? Nilifanya kosa gani?”

“Hukufanya kosa.”

“Kwani hizo za mwisho hujazisoma?”

“Nimezisoma.”

“Basi unazo.”

Nilitaka sana iwe hivyo.

Lazima nieleze kisa chenyewe. Riwaya hiyo ya mwisho inamhusu mama mjane ambaye mwanawe wa pekee anauza shamba la mama huyo kwa kughushi alama ya dole gumba lake. Mama anatoa ushahidi mahakamani, na kwa ushahidi wake kijana anafungwa. Miaka inapita. Siku ya kijana kutoka, mama anasafiri, anasimama ng’ambo ya barabara kulikabili lango la gereza, amebeba bunda la chakula. Mlango mdogo ulio ndani ya lango kubwa unafunguka, na askari anaita jina. Hapo ndipo kurasa zangu zinapokoma. Baada ya hapo ni tonge.

Mwisho nilioujua ni huu: kijana anatoka amekonda, anaangaza kushoto na kulia. Mama, ambaye amejificha nyuma ya mti, anaona kwamba mwanawe anamtafuta, na hilo linamtosha. Analiweka bunda juu ya jiwe mahali ambapo kijana hatakosa kuliona, kisha anaondoka kwenda stendi bila kujionyesha. Hapo kitabu kinaisha. Watu wengine wana zaburi yao. Mimi nilikuwa na kurasa zile. Nilipohamishwa kwa hila za mkubwa wangu wa kazi, nilizisoma. Nilipomzika mke wangu, niliwasomea watoto kurasa hizo badala ya hotuba. Zilinifundisha kwamba mtu anaweza kutimiza wajibu wake wote, na upendo wake wote, asisimame kusubiri shukrani. Nimeishi hivyo.

Nilimpigia mwanangu aliyeko Dar es Salaam. Nilimwomba anitafutie nakala nyingine. Alitafuta, namshukuru. Wachapishaji walikwisha kufunga milango zamani, na mtandaoni alikuta picha ya jalada tu, tena imewekwa chini ya jina la mtu mwingine. Nilimuuliza kama anakumbuka nilichowasomea siku ya mazishi ya mama yao.

“Sikumbuki, baba,” akasema. “Nilikuwa nalia.”

Shule ya sekondari ya jirani ilikuwa na rafu ya vitabu vya hadithi, na kwenye rafu hiyo nilikuta riwaya mbili za mwandishi wangu, zile zilizowahi kufundishwa. Ya sita haikuwapo. Mwalimu wa zamu alinieleza kwa upole kwamba kitabu kisichokuwa kwenye mtihani hakikai. Niliuliza ni nani aliyepitisha uamuzi wa namna hiyo. Akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa.

Ndipo nikakumbuka mwalimu mstaafu wa Ngana. Miaka ya nyuma tuliwahi kukaa meza moja kwenye harusi, tukasahau bibi na bwana harusi, tukabishana habari za mwandishi huyu mpaka vyombo vikaondolewa mbele yetu. Alikuwa na zote sita. Nilipanda bodaboda hadi kwake nikiwa na moyo wa mtu anayekwenda kupokea mtoto wake hospitalini. Binti yake alinipokea. Baba yake alikuwa amefariki kiangazi kilichopita.

Nilitoa pole zangu kama inavyopasa, nikakaa kwa muda unaostahili, kisha nikauliza habari za vitabu.

“Vipo, baba,” akasema. “Vitano. Cha sita alituagiza tumlaze nacho.”

“Mmemlaza nacho?”

“Chini ya kichwa. Alisema mto mwingine hautaki. Tulidhani anatania, lakini alirudia mpaka siku ya mwisho, tukaogopa kumwasi.”

Alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha. Lilikuwa kaburi zuri la vigae vya kijivu, na pembeni yake migomba. Nilisimama pale nikavua kofia. Nitasema yaliyopita kichwani mwangu, kwa kuwa nimekusudia kuandika sawasawa. Nilijua utaratibu wa kufukua kaburi. Majalada ya namna hiyo yalipita mikononi mwangu: maombi ya familia, kibali cha mahakama, ofisa wa afya, askari. Niliuchambua utaratibu huo kituo kwa kituo nikitafuta mtu mwenye haja kama yangu angeingilia wapi, na sikuona mahali. Kisha nikafikiri habari ya maji. Ngana ukichimba kidogo tu unakutana nayo. Kitabu kile kilikuwa kizima kuliko changu kwa jina tu; huko chini nacho kilikuwa kinaloa, chini ya kichwa cha mtu aliyekipenda kama mimi, pengine zaidi, maana mimi sikuwahi kufikiria kukiomba kiwe mto wangu.

“Alikuwa akikueleza kinavyoisha?” nilimuuliza binti.

“Alikuwa akituambia tukisome wenyewe.”

“Na mlikisoma?”

Aliinamisha kichwa. “Tulikuwa na kazi nyingi, baba.”

Nilimshukuru kwa “Ndaga” ya kwetu, nikashika njia. Sikumlaumu kwa sauti.

Mjini Kyela kuna mama mmoja muuza vitambaa, mtu wa rika langu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Zamani, kabla sijaanza kuhamishwa, palipokuwa na chumba cha kusomea mjini, yeye na mimi tulikuwa wateja wa kudumu, ingawa enzi zile haikufaa mwanamke wa ukoo wake na karani wa Kinyakyusa wazungumze zaidi ya salamu. Nilipopita dukani kwake nikitoka Ngana aliniona ninavyotembea.

“Mzee wa mafaili! Mbona umebeba uso wa mkopo uliokataliwa? Karibu ukae.”

Nilikaa kwenye jora la kitambaa nikamweleza yote. Alikuwa akikata kanga za mteja, akaacha kukata.

“Kitabu cha mama wa gerezani? Mwenzangu, kile nilikisoma mpaka nikakesha. Mume wangu alidhani nimepata barua ya bwana mwingine.”

Nilisogea karibu. “Unakumbuka kinavyoisha?”

“Nitasahauje? Mlango ule mdogo unafunguka, kijana anatoka, mama anavuka barabara hata haangalii magari. Anamshika kifundo cha mkono, hivi.” Akanishika wangu. “Hasemi neno. Hata ‘mwanangu’ hasemi. Anampa bunda alibebe yeye, wanaondoka pamoja kwenda stendi, na amemshika vile vile, kama alivyokuwa akimshika mtoto mdogo sokoni.”

“Hapana,” nikasema.

“Hapana nini?”

“Hajionyeshi. Analiacha bunda kwenye jiwe.”

“Jiwe! Jiwe limetoka wapi mbele ya gereza?”

“Limeandikwa.”

“Wapi? Nionyeshe.”

Sikuwa na pa kumwonyesha. Miaka yote ya utumishi wangu, watu walipobishana mbele yangu niliinuka, nikavuta jalada, nikafungua ukurasa, mabishano yakaisha. Sasa niliketi juu ya jora la kitambaa bila ukurasa wowote, tukiwa mashahidi wawili na hati hakuna, na aliyeiandika yuko kaburini.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba ana mwana aliyekwenda Afrika Kusini na hajarudi, na kwamba mwisho huo ameutunga yeye kwa haja yake.

Hakupandisha sauti. “Inawezekana,” akasema. “Na wewe, huo wa kwako wa kuondoka bila kuaga, umeutunga kwa haja gani? Nani alikufundisha kwamba mama anaweza kusafiri njia yote ile halafu asimguse mwanawe?”

“Mwandishi.”

“Au ofisi.”

Mteja aliyekuwa akisubiri kanga zake akaguna. “Nyie wazee, si mumuulize huyo aliyeandika?”

“Amekufa,” tulijibu wote wawili kwa pamoja.

Nilirudi nyumbani nikaamua kuziandika kurasa zile kutoka kichwani kabla sijazeeka zaidi, ili angalau ushahidi wangu uwepo. Niliamini kwamba mkono ukianza, maneno yake yatakuja. Niliandika kwamba mlango ulifunguka. Niliandika kwamba kijana alitoka. Nilisoma nilichoandika, nikakuta ni lugha ya masijala: sahihi, iliyonyooka, isiyo na pumzi. Ningeweza kuipigia mhuri. Mwandishi wangu hakuandika hivyo hata sentensi moja. Nilichana, nikaanza upya, na kila nilipoanza upya alizidi kwenda mbali, mpaka nikaogopa kugusa kalamu, maana nilihisi kila neno langu linakaa juu ya neno lake na kulifunika.

Dada hunikuta mezani. Siku moja aliniuliza kwa woga kama nataka apike. Nikamwambia ndiyo. Hatuzungumzi tena habari za sanduku. Ananihudumia kama mtu aliyefiwa upya, na ninashindwa kumwambia tena kwamba hakukosea, kwa sababu nikifungua kinywa nitalia.

Nimeuliza Njisi, mpakani na Malawi, kwa watu wanaovuka na biashara za vitabu vya mitumba. Nimemwandikia kila mwenzangu wa zamani ambaye nina anwani yake. Wengi hawapo tena. Waliopo hujibu kwa heshima kwamba hawakuwahi kumsoma, au walimsoma wamesahau, na mmoja alinijibu kwamba anakumbuka vizuri sana, kisha akanisimulia hadithi ambayo si ya mwandishi huyu kabisa. Nasema hapa hadharani, na msomaji anisamehe: kama kuna mtu mwenye nakala nzima, asinitumie, itachelewa njiani. Anisomee kurasa za mwisho kwa simu, aende polepole, basi.

Sababu ya haraka yangu ni hii. Wiki za mwanzo baada ya ule ubishi wa dukani nilimwona mama yule wa kitabuni kama nilivyomjua daima, nyuma ya mti, akiliweka bunda juu ya jiwe. Sasa mambo yamebadilika. Nikifumba macho mlango mdogo unafunguka, askari anaita, kijana anatoka akiangaza huku na huku, nami nautafuta ule mti, siuoni. Naona barabara. Naona mama anaivuka bila kuangalia magari. Najilazimisha kumrudisha nyuma, nikimwambia kwamba sivyo ilivyoandikwa, na ananipita kana kwamba sipo, anamshika mwanawe kifundo cha mkono. Bunda liko mikononi mwa kijana. Sijui kama ndivyo alivyoandika marehemu na mimi ndiye niliyedanganyika maisha yangu yote, au kama ninamwona huyo mama niliyesimuliwa dukani. Ninachojua ni kwamba jiwe halipo tena, na ninazidi kulitafuta.